Nimebadilisha kapasita za amplifaya ya hedifoni, uzoefu wangu na Panasonic FC

Mi niko Tanga, Ngamiani, nina kiamplifaya cha hedifoni cha mtumba kinatumia volti 12, kilikuwa kinapiga fresh tu ila besi ikaanza kuyeyuka taratibu mpaka nikadhani masikio yangu ndo yamezeeka. Nikiweka taarabu zetu za zamani, za Black Star au Lucky Star zile zenye gitaa la besi, ala zingine nasikia, muimbaji namsikia, besi iko mbaali kama redio ya jirani.

Nikafungua. Kapasita mbili za kutolea sauti (vile vikopo ambavyo sauti inapitia kwenda kwenye hedifoni) zimeandikwa 220 mikrofaradi, ndo kipimo cha ukubwa wake, nimezing'oa mita inasoma 90 na kitu, zimekauka, na joto la huku halafu boksi lenyewe halina hata tundu unategemea nini. Sasa hedifoni yangu ukinzani wake ni omu 32, ukipiga hesabu kwa 90 sauti inaanza kukatwa kwenye hezi 55 (mitetemo kwa sekunde) kushuka chini, na uzi mnene wa gitaa la besi ni hezi 41, si ndo unaliwa huo!

Kosa langu nilifata urembo. Nikaambiwa chukua zile za odio zenye ganda la dhahabu, nikaagiza Dar zikaja na basi, duka silitaji, juu wameandika 1000, kuzipima mita inasoma 310. Feki. Na zilikuwa nyepesi mkononi, ningeshtuka palepale.

Mara ya pili nikachukua kapasita za Panasonic FC, mikrofaradi 470 kwa volti 25, za kuhimili joto la digrii 105. Hizi wala sio za odio, ni za pawa saplai, hela yake ndogo, na nilizipima kwanza kabla ya kusolda, 455 na 461, safi. Ni nene kuliko za mwanzo nikazilaza ndo mfuniko ukafunga. Mguu wa upande wenye mstari ni hasi, usigeuze, zinapasuka.

Sasa kukatwa kunaanzia kama hezi 11 na gitaa limerudi, nimesikia nyimbo ninazozijua toka utoto zina besi kumbe inatembea hivyo. Kuhusu sauti nyororo sijui tamu wanazosema watu, sijasikia tofauti yoyote. Ubaya mmoja tu, ukiwasha inapiga "pu!" kubwa kuliko zamani, kwa hiyo nawasha kwanza nasubiri kidogo ndo nachomeka hedifoni.