Themu ya kuiga Mac au ya kuchora mwenyewe?

Wadogo zangu wa UDOM mnaopamba kompyuta zenu za Linux kwa themu, yaani mwonekano wa skrini nzima, sikieni. Ya kuiga inavutia fasta, ukiweka doki, ule mstari wa aikoni za programu, chini na vile vitufe vyekundu, njano na kijani kila anayepita anasimama kuangalia, ila balaa linaanza ukiipandisha intaneti watu waipakue. Apple walipotambulisha Aqua, mwonekano mpya wa Mac, mwaka 2000, baadhi ya waliochora themu za kufanana nayo walipata barua za mawakili, na ni mashabiki tu jamani! Ila mahakamani Apple hawashindi kirahisi hivyo, walimshtaki Microsoft 1988 kwa kuiga mwonekano wa madirisha wakabwagwa, na rufaa 1994 nayo ikagonga mwamba. Ndo maana mi naona hatari kubwa ni kunyofoa aikoni zenyewe na lile tufaa, hapo umegusa hakimiliki na alama ya biashara.

Ya kuchora mwenyewe inachosha bana, aikoni ya folda tu inakula jioni nzima, ila ni yako. Tia zambarau ya zabibu zetu, mbuyu kwenye wolpepa, weka leseni huria ya GPL wengine waibadilishe. Mi nachukua hii. Ya kuiga ibaki kwenye laptopu yako hukohuko geto.