Mbegu za mikunde kwa udongo na malisho Tanga: ipi ununue kwanza

Kabla hujaingia duka la pembejeo, amua nani atakula kwanza: udongo au ng'ombe. Muuzaji atakwambia mmea huu "unafanya vyote viwili", na hasemi uongo, ila hamalizii. Majani uliyokata ukapeleka bandani hayataozea shambani. Ukirudisha samadi, udongo unapata fungu lake. Usiporudisha, unauza rutuba ya shamba lako ndani ya ndoo ya maziwa.

Bei nayo usiilinganishe kilo kwa kilo. Ekari moja ya mukuna, mkunde unaotambaa, ikipandwa peke yake hutaka kama kilo 12 hadi 16, kwa sababu punje zake ni kubwa. Fiwi ni kilo 8 hadi 10. Desmodiamu, mkunde wa malisho ambao bei ya kilo yake hushtua watu, ni punje ndogo mithili ya vumbi. Kilo moja hivi hutosha ekari. Piga hesabu ya ekari ndipo ufungue pochi.

Namba moja kwangu ni fiwi, na sioni ya kushindana nayo kwa mkulima wa Muheza, Korogwe au Handeni mwenye mahindi na ng'ombe wawili watatu. Unaipanda katikati ya mahindi ya masika wakati wa palizi ya kwanza, punje mbili kwa shimo. Ukiiwahisha ikaota pamoja na mahindi, itayapanda na kuyalaza. Mahindi yakivunwa, fiwi bado mbichi, maana mizizi yake huenda chini, na hapo ndipo majani mengine porini yameshakauka. Kata ukiacha shina la sentimita 30 ili lichipue tena. Ukifyeka hadi chini, mara nyingi halirudi. Majani yake yana protini ya kama asilimia 20, kitu ambacho matete yaliyokomaa hayakaribii. Ila usimpe ng'ombe fiwi mbichi tupu akiwa na njaa, tumbo litajaa gesi. Inyaushe, changanya na majani ya kawaida, fiwi isizidi theluthi.

Fiwi za chakula za soko la Mgandini huota vizuri kama si kuukuu, na ni nafuu. Tatizo hujui kama ni ya kichaka au ya kutambaa. Kwa malisho unataka ya kutambaa inayochelewa kutoa maua, kama aina ya Rongai, kwa hiyo muulize aliyeilima, si anayeipima kwa kisado.

Namba mbili ni mukuna, kwa shamba lililochoka na lililojaa magugu. Hufunika ardhi kama blanketi, na ikikauka huacha matandazo mazito ya kupandia vuli. Watu wa hapa wakisikia jina hukunja uso, kwa kuwa ni ndugu wa upupu. Hakikisha unauziwa ile ya kulimwa isiyowasha. Usiipande kwenye michungwa, itaparamia hadi kileleni. Ng'ombe na mbuzi hula majani yake, lakini mbegu mbichi usiwape kuku wala nguruwe, zina sumu.

Namba tatu, desmodiamu. Kwa walioko Lushoto au Amani, kwenye mvua na miteremko, ningeipandisha iwe ya kwanza: hukaa miaka, hushika udongo usiporomoke, na wanaofugia bandani huikata mara kwa mara. Mwanzo wake ni wa polepole na utapalilia mpaka uchoke. Ukiwa na jirani anayo, omba vipandikizi, uokoe hela. Handeni kwenye ukame, iache.

Mbaazi ni ya nne ukiangalia malisho tu. Kwa nyumba yenye watoto ingepanda nafasi. Unapata mboga, kuni, na majani yanayodondoka yakarutubisha udongo. Kati ya aina zake, Komboa hukomaa mapema, Tumia ni ya kati, na Mali huchelewa. Anayetaka majani achukue ya kuchelewa.

Kunde ni rahisi kupata na huwahi, basi. Kanavalia, mkunde mwingine, huvumilia ukame na udongo mbovu, ila mbegu zake ni sumu, hivyo iwe ya udongo peke yake. Marejea, mkunde wa kurutubisha udongo, vilevile: baadhi ya aina zake hudhuru ini la mifugo.

Kama mifugo ya watu huzurura kwenu baada ya mavuno, tenga hela ya uzio au mkubaliane na majirani kwanza. Kijani pekee kilichobaki Agosti hakitakusubiri.

Dukani, tazama lebo ya ukaguzi wa TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na tarehe ya kupimwa. Mbegu isiyo na lebo, mwaga kiganjani utafute matundu ya wadudu, kisha chukua punje 100 uzifunge kwenye kitambaa kibichi kwa wiki moja. Zikiota chini ya 70, ongeza punje kwenye kila shimo. Zikiota chini ya nusu, tafuta muuzaji mwingine.