Kazi hakuna ofisini: uombe majukumu au ujifunze kimyakimya?

Umemaliza ya leo kabla ya saa nne asubuhi, na sasa unafungua faili lilelile mara ya tano ili uonekane uko bize. Wengine watakwambia mwendee bosi uombe kazi. Wengine, nyamaza ujifunze kitu.

Kwa gharama, kujifunza ni nafuu: kunataka muda tu, nao unao wa kumwaga. Kuomba kuna bei yake. Unaweza kurundikiwa viporo vya wenzako, na pale wanapopunguza watu, kusema "sina la kufanya" ni kujichongea. Ndiyo maana usiende mikono mitupu. Sema, "Naona ripoti za mwezi zinachelewa, naomba nizishike mimi." Hapo umeleta suluhisho, hujalalamika.

Kwa uhakika wa matokeo, kuomba kunashinda, mradi bosi awe msikivu. Kujifunza kunataka nidhamu: unaanza vizuri na fomula za Excel, nusu saa baadaye uko kwenye video za mpira. Tena kompyuta ya ofisi huweza kufuatiliwa, kwa hiyo chagua somo linalohusiana na kazi yako.

Afya nayo si ya kupuuza. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya Paris ilimpa ushindi mfanyakazi aliyedai kuwa kuachwa bila kazi ya maana kulimharibia afya. Ukifika huko, masomo ya kujificha hayatoshi, maana bado unaigiza kutwa nzima.

Mgeni kazini, au mwenye bosi muelewa, aombe. Aliye kwenye msimu mfupi wa ukimya, au anayejiandaa kuhama, ajifunze.