Gari la spoti, safari ndefu na chupa ya gundi

Nianze na chupa, maana hadi leo nikifungua buti nikaiona, damu inanichemka. Chini ya zulia, pale ambapo gari la kawaida lina tairi la spea, hili langu lina chupa ya gundi nyeupe na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la umeme. Basi. Jeki hakuna, spana ya magurudumu hakuna. Gari linalokugandamiza kitini kila ukigusa mafuta, halafu linakutoa safari ya mbali na chupa ya gundi!

Aliyelitengeneza simtaji. Mwenye gari la aina hii aende akafunue zulia lake, nadhani atakuta yaleyale. Nguvu za farasi na sekunde za kufika mia sitazigusa pia, hizo ziko kwenye kila kipeperushi na hazina msaada wowote ukiwa umesimama kando ya barabara.

Kwa haki, sehemu kubwa ya safari gari lilinishangaza kwa uzuri. Nilitishwa sana kabla ya kuondoka: mgongo utakatika, masikio yatavuma, utachoka kabla ya nusu ya njia. Mgongo haukukatika. Viti vya spoti vimeinuka kingo, vinakushika mbavu, kwa hiyo kwenye kona mwili hauhangaiki kujishikilia, na nadhani ndiyo maana nilishuka sijachoka kama ninavyochoka kwenye gari kubwa laini linaloyumba. Kulipita lori ndiko raha ilipo. Unashusha gia moja, unaangalia mbele, unakanyaga, na tayari umerudi upande wako hata kabla hujaanza kuwa na wasiwasi. Watu huona kasi ni hatari tu, ila muda unaoukaa upande wa wenzako unapopita gari jingine ni hatari zaidi, na muda huo gari hili linaufupisha mno.

Kelele ziko, sikatai. Kwenye lami ya kokoto nzito matairi mapana yananguruma mpaka mazungumzo yanakufa, na usiku, kwa kuwa umekaa chini, taa za malori zinakuja usawa wa macho. Springi ngumu zinakupa habari ya kila ufa. Haya yote nilikuwa nimeshayasamehe.

Kisha likaja shimo. Si bonde la kutisha, shimo tu lenye ukingo mkali lililojaa maji ya mvua, mara tu baada ya daraja, mahali ambapo hakuna dereva angeliona. Mlio mmoja mkavu, taa ya upepo wa matairi ikawaka kwenye dashibodi, na usukani ukaanza kuvuta pembeni.

Tairi langu limeandikwa 255/35. Maana yake upana ni milimita 255 na ubavu ni asilimia 35 ya upana huo, yaani milimita 89 hivi. Chini ya sentimita tisa za mpira kati ya rimu na dunia nzima. Tairi la gari la kawaida la 195/65 lina ubavu wa milimita 127 hivi, na lingelipita shimo lile kwa kunung'unika tu. Langu lilibanwa kati ya ukingo wa shimo na rimu, likachanika ubavuni, mchaniko unaoingia kidole. Na pembeni yake kuna herufi Y, yaani limethibitishwa kuhimili kilomita 300 kwa saa! Kilomita 300 kwa saa linaweza, shimo la maji haliliwezi.

Sasa kuhusu gundi. Gundi ile ni ya msumari. Inaziba tundu dogo kwenye uso wa tairi unaokanyaga chini, la milimita chache tu, kisha unaendesha taratibu, usizidi 80 kwa saa, hadi kwa fundi. Ubavu haizibi, na maelezo yake yenyewe yanasema hivyo. Niliijaribu tu, ningefanya nini kingine? Ikatoka yote kwenye mchaniko, nyeupe, ikamwagikia breki, rimu na viatu vyangu, na pampu ikaendelea kunguruma kama vile inafanya kazi.

Nikapiga simu ya msaada wa barabarani. Huduma hii sikuitafuta mtaani, imekuja na gari lenyewe, nambari imebandikwa kwenye kioo. Muziki kwanza, muda mrefu, kisha kijana mmoja.

"Kaka, pole sana. Fungua buti, toa spea, ufunge."

"Gari halina spea, ndugu yangu."

"Kila gari lina spea. Angalia chini ya zulia."

"Chini ya zulia kuna chupa."

"Basi tumia hiyo gundi."

"Nimeitumia. Tairi limechanika ubavuni, haishiki."

Kimya kidogo. Nikasikia anacheka, si kwa sauti kubwa, kile kicheko cha puani. Kisha akasema: "Sasa kaka, gari la namna hiyo unalisafirishia nini mbali hivyo? Hayo ni ya kuzungukia mjini."

Nimeshatukanwa na watu wengi barabarani, ila hili limenikaa. Mtu anayelipwa kunisaidia, kwa niaba ya waliolitengeneza gari, ananiambia gari si la safari. Matangazo yao wenyewe yanalionyesha wapi? Milimani, kandokando ya bahari, barabara tupu isiyo na mwisho. Sijawahi kuona tangazo la gari hili likizunguka kutafuta maegesho. Nilimuuliza jina, akakata. Pengine simu ilikatika yenyewe, mtandao pale ulikuwa wa kusuasua. Siamini.

Eti spea imeondolewa kupunguza uzito. Gurudumu zima la akiba na jeki yake ni kilo ishirini na kitu. Sawa. Lakini ndani ya gari hilohilo kuna mota za umeme za kusogeza viti, nyaya za kupasha viti moto na spika kila mlango. Uzito huo hawakuuona? Wangeniondolea spika mbili wakaniachia gurudumu, ningewashukuru kwa barua.

Kuna wanaosema dawa ni matairi yenye ubavu mgumu, yale yanayotembea bila upepo. Kawaida yanaruhusu kilomita 80 hivi kwa kasi isiyozidi 80, na hizo zingenifikisha mahali penye watu. Lakini ubavu mgumu unaongeza ugumu juu ya springi ambazo tayari ni ngumu, na likichanika vibaya hata hilo linakufa palepale. Sijui kama ningeyapenda. Siku ile ningeyabusu.

Aliyekuja hatimaye na lori la kubebea magari ndiye sababu ukaguzi huu hauishii kwenye matusi. Mzee mtulivu, hakuuliza kwa nini nimesafiri. Alilizunguka gari, akachuchumaa, akapima kwa kiganja nafasi iliyo chini ya bampa, akatikisa kichwa, akashusha mbao. Nilidhani atafunga minyororo mbele avute, maana nimeshaona bampa zikiachwa barabarani namna hiyo. Hapana. Alipanga mbao kwenye mdomo wa jukwaa la lori ili mteremko ulale, kisha akaniambia, "Bosi, kwenye ule mfuko wa chupa kuna ndoana ya chuma. Nipe." Kweli ilikuwepo, imezama kwenye sponji, sikuwahi kuigusa. Inafungwa kwa nyuzi kwenye tundu lililofichwa nyuma ya kifuniko kidogo cha bampa. Akaliinua polepole, na bampa halikugusa kitu. Kisha akalisifia gari. Akasema magari ya chini namna hii anayabeba mara kwa mara, na karibu yote ni tairi, injini hazina shida.

Hapo hasira ikapoa kidogo. Injini kweli haikuwa na shida.

Hasira ikarudi kwa fundi wa matairi. Saizi yangu haipo, iagizwe. Tena kwangu magurudumu ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele, kwa hiyo huwezi kuazima mbele ukapeleka nyuma. Na kwa kuwa ya nyuma ndiyo yanayosukuma gari, alishauri nibadilishe yote mawili pamoja, maana jipya na lililolika hayazunguki sawa, na difu, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, inaumia. Ushauri wa kweli, nimeukubali, lakini shimo lilichana moja! Nikalala palepale kusubiri matairi. Asubuhi ujumbe ukaingia kwenye simu kutoka kwa wale wa msaada: tafadhali tupe alama, moja hadi tano. Nilitafuta sifuri, haikuwemo.

Nilikuwa nimeshaandika hapa kwamba msinunue gari la spoti kama mnapenda safari ndefu. Nimefuta. Siku ya kurudi barabara ilikuwa kavu, matairi mapya, kona ndefu zinazofuatana, na nililikuta gari lilelile nililolipenda mwanzo. Sijui gari jingine la kunifanya nisikitike kuona kibao cha kwamba nimekaribia kufika. Kwa hiyo gari nalipatia alama nne kati ya tano. Ile nambari ya kioo nimeibandua. Hapana, gari nalipatia tatu, kwa sababu chupa ni sehemu ya gari, na aliyeamua iwekwe chupa hajawahi kusimama na viatu vyeupe kando ya barabara akiambiwa akazunguke mjini.

Ukilazimika kusafiri nalo, tafuta spea nyembamba kabla ya kuondoka. Isiwe yoyote tu: matundu ya nati yalingane, kipenyo kikaribiane na cha magurudumu yako, na rimu iweze kupita juu ya breki, kwa sababu breki za magari haya ni kubwa na rimu ndogo inazigonga. Jaribu kuifunga mbele na nyuma ukiwa nyumbani. Nunua jeki fupi, zile za kawaida haziingii chini. Spea yangu nimeshaipata, imekaa butini imefungwa kwa mkanda, imekula nafasi yote. Abiria wangu begi lake atalipakata.