Alfa AWUS036NHA: adapta ya kizamani inayosikia vizuri

Kazi yangu ni kufunga Wi-Fi kwenye gesti, saluni na maduka ya dawa, Sinza hadi Mwenge. Mteja akiniuliza, "Fundi, hii yangu inaibika?" nilikuwa namjibu kwa mdomo tu. Mwaka huu nikaamua kujipimia chumbani, kwa vifaa vyangu mwenyewe.

Adapta ya kwanza, kidude cha Wi-Fi cha kuchomeka USB kwenye laptopu, nilinunua Kariakoo, duka moja la Mtaa wa Aggrey. Boksi ni lile lile nililoliona mtandaoni. Nikauliza chipu ya ndani ni ipi. "Bosi wangu, hii orijino, beba." Nikabeba, elfu 35. Kuichomeka, kumbe chipu nyingine kabisa. Intaneti inashika vizuri, ila haikubali kutulia na kusikiliza kila pakiti (kipande cha data) inayopita hewani, na mimi hiyo ndiyo kazi niliyoinunulia. Kurudisha haiwezekani, risiti imeshaandikwa mali ikiuzwa hairudi.

Ya pili ndiyo hii Alfa, nimeagiziwa na jamaa, laki na ishirini. Ndani ina Atheros AR9271. Draiva yake, yaani programu ya kuiendesha, imo tayari kwenye Linux, mfumo wa laptopu yangu, kwa hiyo nilichomeka, taa ikawaka, nikaanza kazi. Antena yake ndefu inasikia hadi ruta za ghorofa la pili mtaa wa nyuma. Chaneli 1, 6 na 11, njia za hewani za Wi-Fi, zimejaa majirani kama daladala ya saa kumi na mbili jioni. Nikachuja ibaki anwani ya ruta yangu peke yake. Za watu sigusi: kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, halafu kuna jirani mwenyewe, ambaye maji yakikatika ndiye ananipa ndoo.

Ruta nikaiwekea nywila ya namba ya simu, maana wateja wangu wengi ndivyo wanavyofanya. Nikaing'oa simu yangu kwenye mtandao kwa amri bandia ya kujitenga, ikarudi kujiunga, na Alfa ikazidaka mara ya kwanza tu zile salamu nne za WPA2 (ulinzi wa Wi-Fi), ambazo simu na ruta hupeana kuhakikisha nywila. Kubahatisha nywila kwa kuilinganisha na salamu hizo nikaiachia laptopu usiku. Namba ina tarakimu 10, lakini nani asiyejua kwamba inaanza na 07 au 06? Zinabaki 8, yaani namba milioni 100 kwa kila mwanzo. Inaonekana nyingi, lakini asubuhi mswaki ungali mdomoni, namba yangu iko kwenye skrini.

Nikahamia ruta mpya yenye WPA3, ulinzi mpya kuliko WPA2. Hapo simu haikung'oka, kwani amri ya kujitenga isiyotoka kwa ruta yenyewe inapuuzwa, na hata ukidaka salamu hupati cha kwenda kubahatisha nyumbani. Tatizo likawa simu ya zamani ya dada yangu, iligoma kabisa kujiunga.

Kasoro zake: inaishia masafa ya 2.4 GHz, kwa hiyo ruta ikihamia 5 GHz haioni kitu. Mwendo wake mwisho Mbps 150, usiinunue kwa ajili ya kuangalia mpira. Na joto la hapa kwetu, baada ya saa mbili unaishika kama kikombe cha chai.

Mwenye duka la dawa nilimwonyesha skrini ile. Akashtuka, akabadilisha nywila hapo hapo. Kaweka namba ya mkewe.