Treni ya usiku Dar mpaka Arusha: kulala nimelala, ila ule ufunguo wa choo!

Nilipanga kuisifia hii treni, na sifa zake nitaziandika kwa kuwa ni haki yake. Ila acheni nianze na ufunguo wa choo, maana ndio umenikaba koo tangu nishuke Moshi.

Wanaoijua reli yetu ya kaskazini wanajua njia ni moja. Treni mbili zikikutana, moja inawekwa pembeni kituoni inasubiri mwenzake apite. Usiku ule, Korogwe tumeshaiacha nyuma, tuliowekwa pembeni ni sisi. Giza totoro, mbu wanaingia dirishani watakavyo, na hakuna wa kutuambia tunasubiri nini.

Chumba chetu cha kulala kilikuwa cha kina mama watupu. Kitanda cha chini alikuwepo bibi mmoja anaenda Same, mtu mzima kweli, akitembea anashika ukuta. Akajikongoja mpaka chooni, akakuta pamefungwa. Akarudi, akakaa. Akaenda tena. Safari iliyofuata nikamsindikiza, tukamkuta mhudumu wa behewa ameegemea mlango, simu mkono mmoja, mkono wa pili anazungusha ufunguo kidoleni. Shikamoo hatoi.

Bibi akamwambia kwa upole, "Baba, naomba unifungulie."

"Bibi, choo ni cha treni inayotembea. Hii imesimama."

Sababu ninaijua, msinielimishe. Vyoo vya mabehewa haya vinamwaga chini relini, kwa hiyo treni ikiwa kituoni vinafungwa ili wenyeji wasiachiwe uchafu wetu. Utaratibu mzuri, siupingi hata kidogo. Lakini tulikuwa tumesimama mpaka watoto wamelala, wameamka, wamelala tena! Nikamwambia, mdogo wangu, huyu ni sawa na bibi yako, basi tuonyeshe choo cha hapo kituoni tumpeleke. Hakuinua hata macho: "Dada, ukimshusha treni ikaondoka, ni juu yako." Nikamuuliza jina. Akakigeuza kitambulisho chake, maandishi yakaangalia shati.

Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyekuwa na ndoo ndogo ya dagaa. Hakusema neno. Alitandika kanga kitandani, akamimina dagaa zote, akatoa ndoo. Sisi wengine tukashika kanga zetu kama pazia, bibi wa watu akajisaidia huku anarudiarudia, "Nisameheni wanangu." Yeye ndiye anayeomba msamaha! Na treni ilipotikisika tu kuanza mwendo, yule kijana akapita kwenye korido anatangaza, "Choo kimefunguliwa!" kwa sauti ya mtu anayegawa sadaka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba treni hii tuliililia. Marehemu baba aliipanda enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, kabla haijavunjika mwaka 1977, na alikuwa hachoki kuisimulia. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893 wakaifikisha Moshi, Waingereza wakaisogeza hadi Arusha mwaka 1929. Lakini kwenda Dar moja kwa moja kulikuwa hakuna mpaka ilipounganishwa Ruvu, kwenye Reli ya Kati, na Mnyusi, kwenye reli hii ya Tanga, mwaka 1963. Kabla ya hapo reli ya huku ilikuwa imeshikana na Kenya kupitia Kahe na Voi kuliko na Dar yetu wenyewe. Baadaye safari za abiria zikafa, vituo vikaota majani, watu wakafuga mbuzi kwenye tuta la reli. Iliporudi Moshi Desemba 2019, na Arusha mwaka uliofuata, hapa Moshi mjini watu walitoka kuishangilia. Mimi nikiwemo.

Na kusema kweli, asubuhi karibu nimsamehe kijana. Ukiamka uko chini ya milima ya Upare, kaa dirisha la kulia, mkonge umeshapita usiku na sasa ni ukame na mibuyu, halafu mbele kule Kilimanjaro inajitokeza kabla mawingu hayajaifunika. Basi halikupi hiyo. Kwenye basi unafika magoti yamevimba; humu unajinyoosha, unatembea, unakunywa chai. Na Desemba, nauli za mabasi zinapopaa kwa sababu ya sisi Wachaga kurudi kuhesabiwa nyumbani, treni ndiyo mkombozi wa mwenye watoto wanne na gunia la mchele. Kuchelewa ilichelewa, hilo nalisamehe. Nilikuwa hata nimeanza kusema moyoni nitarudi nayo.

Halafu tukafika Same. Bibi anashuka, ngazi ya behewa iko juu, chini kokoto. Yule yule mhudumu kasimama mlangoni, mikono mfukoni, anasema, "Haraka bibi, treni inaondoka." Kumbe hii nayo inajua kuondoka! Tukamshusha sisi, mwenye dagaa ameshika mkono, mimi kiuno.

Kwa hiyo msiniulize kama naishauri au siishauri. Mwenye nguvu zake apande, alale, ale macho. Mwenye mzazi mzee apande naye kwa kujiandaa, na asiache kubeba ndoo. Mimi nitapanda tena Desemba, sina ujanja. Lakini nikiikuta zamu ile ile, nashuka Korogwe namalizia na basi, tiketi wabaki nayo.