Siku thelathini na nne yadini: jinsi Impreza yangu ilivyouzwa

Kwa miaka minane nilimiliki Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004, yenye injini ya turbo ya lita 2.0, na katika miaka hiyo nilikuwa nimeibadilisha kiasi kwamba haikufanana tena na ilivyotoka kiwandani. Nilipoamua kuiuza niliikabidhi kwa yadi moja hapa Mombasa ambayo, mbali na kuuza magari yanayoshushwa bandarini, huyapokea magari ya watu binafsi na kuyauza kwa niaba yao kwa kamisheni ya asilimia 5. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa nina la kuisifu na la kuilalamikia, na lile la pili tumekwisha kulimaliza wenyewe kwa wenyewe.

Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu kuiuza mwenyewe kwa wiki sita nikashindwa. Gari la aina hii halikosi watu. Linajaza watu wasio na fedha. Katika nchi ambayo dereva Colin McRae alishinda mbio za Safari Rally za mwaka 1997 kwa Impreza, na Richard Burns naye akashinda zile za mwaka 2000 kwa gari la jina hilohilo, kila kijana ana lake la kusema kuhusu Subaru, na kila aliyenipigia simu alitaka kwanza aisikie ikinguruma kwenye daraja la Nyali, kisha ndipo tuzungumze bei. Tulizungumza bei mara mbili tu.

Yadini mapokezi yalikuwa tofauti. Meneja hakuniuliza turbo inasukuma kiasi gani. Alifungua boneti, akainama na kurunzi, akaisoma nambari ya injini herufi kwa herufi huku msaidizi wake akiilinganisha na ile iliyoandikwa kwenye logibuku. Alinieleza kwamba Impreza nyingi zimekwisha kubadilishwa injini bila mabadiliko hayo kusajiliwa, na kwamba mauzo ya namna hiyo hukwama siku ya kuhamisha umiliki, wakati mnunuzi amekwisha kuzoea kuliita gari lake. Kisha akamwita fundi apime mgandamizo wa silinda, kipimo kinachoonyesha afya ya injini. Anayezijua injini hizi, ambazo silinda zake zimelala ubavuni, anajua kwamba plagi zimejificha pembeni karibu na chesi, na kwamba huzifikii bila kwanza kuondoa betri na kisanduku cha kichujio cha hewa. Fundi alifanya kazi hiyo kwa zaidi ya saa moja bila kuharakishwa, akaandika vipimo vya silinda zote nne kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kioo cha mbele. Karatasi hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko maneno yote niliyokuwa nikiyatumia.

Palipouma ni kwenye bei. Mimi nilitaka 950,000, kwa hesabu kwamba nilikuwa nimetia humo karibu shilingi 400,000: shokomzoba za kurekebishika, ekzosi ya inchi tatu, rimu nyepesi, kipozahewa kikubwa (cha kupoza hewa inayoingia kwenye injini) na breki zilizotoka kwenye STI, toleo kali zaidi la Impreza, pamoja na kazi ya kuiprogramu upya kompyuta ya injini. Meneja alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Bwana, vitu hivi umevitia kwa raha yako, na raha hiyo umekwisha kuila. Mwenzio hawezi kuilipia."

Nilikasirika, na nilipofika nyumbani nikaona amesema kweli. Ushauri wake ulikuwa nivitoe vile vinavyomtia mnunuzi wasiwasi na kuviuza peke yake, kisha nivirudishe vya asili, ambavyo kwa bahati nilikuwa nimevihifadhi stoo miaka yote chini ya malalamiko ya mke wangu. Breki na kipozahewa vikabaki, kwa kuwa hakuna anayeogopa gari linalosimama vizuri na lisilochemka. Alisisitiza pia kwamba baada ya kurudisha ekzosi ya asili ni lazima programu ya asili irudishwe pamoja nayo, maana injini iliyopangiwa bomba pana haifai kuachwa ikipumua kwa bomba jembamba kwa mpangilio uleule. Si madalali wengi wanaolijua hilo. Shokomzoba, rimu na ekzosi ziliniletea shilingi 145,000 kutoka kwa vijana wa Nairobi, na gari likawekwa sokoni kwa 820,000.

Sasa lalamiko. Siku ya kukabidhi gari nilipiga picha ya dashibodi, ikionyesha kilomita 148,212. Siku ya kumi na tisa nilipita bila kutoa taarifa nikakuta 148,259, ilhali daftari la majaribio lilikuwa na safari mbili tu, zote za hadi Bombolulu, hapahapa Mombasa, na kurudi. Nilipowasha gari na kulisogeza kidogo, harufu ya klachi iliyoungua ilinipokea mapema kuliko mtu yeyote wa pale. Ilibainika kwamba mfanyakazi mmoja alikuwa amelitoa usiku. Meneja hakubisha wala hakuniletea hadithi. Alilipia ukaguzi wa klachi kwa fundi niliyemchagua mimi, akapunguza kamisheni hadi asilimia 4, na tangu siku hiyo ufunguo ukawa ukifungiwa ofisini mwake. Hata hivyo, mfumo unaomtegemea mwenye gari apite kwa bahati hauwezi kuitwa mfumo.

Mnunuzi alipatikana siku ya thelathini: mzee mmoja kutoka Kilifi ambaye hakuuliza hata mara moja gari linakimbia kiasi gani. Aliuliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, akaomba kuiona risiti, akaivua miwani na kuisoma karibu na uso. Tulikubaliana 780,000. Yadi iliandaa mkataba wa mauziano, ikasubiri nami hadi benki yangu ilipothibitisha kuwa fedha zimeingia, ndipo nikaanzisha uhamisho wa umiliki kupitia akaunti yangu ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, naye akaukubali na kuulipia kwa upande wake. Siku ya thelathini na nne niliondoka nikiwa nimelipa kamisheni ya shilingi 31,200, pungufu kuliko nilivyopoteza kwa mafuta peke yake wakati nikiwaendesha washabiki wiki zile sita.

Gari la mke wangu litauzwa mwakani, na nimekwisha kuwaarifu kwamba nitalipeleka palepale, kwa sharti moja ambalo nimelitaka liandikwe ndani ya mkataba: picha ya dashibodi kila jioni, itumwe kwenye simu yangu kabla geti halijafungwa.